Ova, Neno ya Nyumba ya Foni

Ninyi wajukuu, nawasikia kila siku mu lupango, mu kiwanja ya nyumba yangu, munasema mu simu. Mumoja anasema, mwenzake kule anasema, wote wawili kwa mara moja, kisha munakasirika: "Haunisikii!" Atakusikia namna gani, na weye haujanyamaza? Mi nilifanya kazi ya kusema na watu wa mbali miaka mingi, hapa hapa Bunia, wakati wa Zaire, na mashini yetu haikukubali mambo hiyo. Mutu mumoja anasema, wengine wote wananyamaza. Akimaliza, anatoa neno moja ndogo, na hapo ndipo mwenzake anafungua kinywa. Ile neno ni ova.

Ni neno ya Kiingereza. Masomo yangu iliisha mwaka wa pili, juu mama alizaa tena na mutu wa kubeba mutoto hakukuwa. Kiingereza mi sikujifunza. Lakini hii neno moja naijua vizuri, naijua mbele na nyuma, na mpaka leo inanishangaza. Ilinilisha. Na siku moja nilimungoja mutu aiseme, nilimulilia kabisa, na hasemi, na Sifa mutoto yangu alikuwa amelala kule karibu kufa. Nitafika kwa hiyo. Musinisukume.

Foni, kama haujaiona, ni sanduku ya chuma juu ya meza. Batiri ya lori iko chini ya meza. Waya inatoka ku dirisha, inapanda ku muti wa mukaliptusi, inavuka uwanja, inafungwa ku mukaliptusi ingine. Mukononi unashika mikro, na ku mikro kuna buto. Ukifinya buto, unasema, lakini hausikii kitu. Ukiiachilia, unasikia, lakini hauwezi kusema. Basi. Hakuna ingine. Kazi yote iko mu kidole.

Yetu ilikuwa foni ya misioni moja yenye ndege ndogo. Kila asubuhi tuliita pahali pote penye mashini: Mahagi, Djugu, Mambasa, Nia-Nia, na kule ku ziwa. Na musikie vizuri: wote walikuwa mu hewa moja. Ukisema na Djugu, Mahagi anasikia, na Nia-Nia anasikia. Hakukuwa siri. Mi niliingia pale kusugua sakafu ya sima, nikakuta sauti za watu zinatoka mu chuma, sauti za watu ambao walikuwa nyuma ya milima na nyuma ya pori, na kila sauti ilimaliza na ova. Kwanza nilifikiri Ova ni mutu mukubwa sana, juu wote walimaliza na yeye sawa vile siye tunamaliza sala na amina.

Aliyekaa ku mashini alikuwa muzee Kisembo, mutu wa Bunia, viatu vyake vinang'aa hata mu siku ya matope. Na kulikuwa Mademazeli, mwanamuke muzungu, munganga wa hospitali ya misioni, ambaye hakuolewa. Mi niliwafanyia wote wawili kazi, na masikio yangu haikulala.

Ni kwa Mademazeli niliona mambo ya ajabu. Siku moja nilisugua baraza yake haraka haraka, akaangalia pembe, akasema mu Kiingereza chake, na mu katikati nikasikia ova. Nikajua: nirudie. Nikarudia. Kisha ku jikoni akanionyesha wali ya jana iliyobakia mu sufuria, na jina ya ule wali iko na ova ndani yake. Piloti wa ndege alisimama mbele ya karte, ile ramani, akapitisha kidole juu ya pori yote ya Mambasa: ova. Ndege itapita juu. Mugonjwa tukimugeuza ubavu asioze mugongo: ova. Mademazeli akiita jirani yake avuke barabara aje kunywa chai: ova. Homa ikitoka mu mutoto, mama yake anacheka, Mademazeli anasema ova. Na siku moja alitoka mu chumba ya mwisho, akavua miwani, akapangusa macho, akasema ile neno ile ile. Mugonjwa wa kitanda ya mwisho alikuwa amekufa.

Mi nilisimama pale na kitambaa ya maji mu mukono. Kurudia, kubakia, kupita juu, kugeuka, kuvuka, kupona, kufa. Vyote vinaenea mu kineno kama hiki?

Nikaenda kwa muzee Kisembo. "Muzee, hawa wazungu wamekosa maneno?"

"Sababu gani, Mama Sifa?"

Nikamuhesabia yote. Akacheka mpaka akatoa kofia.

"Hapana. Hawakukosa. Angalia vizuri. Kila mara kuna kitu kilikuwa upande huu, sasa kinaenda upande ule. Ndege, wali, mugonjwa, homa. Ni hivyo tu."

"Na ule aliyekufa?"

Muzee Kisembo akarudisha kofia ku kichwa. "Na yeye pia," akasema. Kisha akakaza uso. "Lakini ku foni usilete mambo ya jikoni. Hapa ova iko na kazi moja: mi nimemaliza, zamu ni yako. Mutu asiyejua kusema ova, asishike mikro."

Nilirudi kusugua. Siku ile nilisugua bila kuimba, na mi ni mutu wa kuimba.

Pole pole muzee Kisembo akaanza kunifundisha. Siku ya kwanza kunikalisha ku mashini, yeye alienda mu matanga. Aliniambia: "Mahagi ataita. Jibu, andika mu kichwa, mimi nitarudi." Kweli Mahagi akaita, na aliyesema alikuwa padri mukubwa wa kwetu, muzee wa mvi, yule aliyenibatiza. Sasa ninyi vijana wa leo munasalimia mukubwa na mukono mu mufuko. Kwetu mwanamuke anapiga magoti. Nilisikia ile sauti, magoti yangu ikaenda yenyewe. Nikafinya buto, nikasalimia kutoka chini ya meza, na mikro ilibakia juu ya meza, mu mukono moja niliyoinyoosha, mbali na kinywa.

"Bunia, Bunia, uko wapi? Ova."

"Niko hapa chini, baba!"

"Bunia, nasikia mutu kama iko mu shimo. Ova."

Wote mu hewa walicheka, Djugu alicheka mpaka akasahau kuachilia buto. Muzee Kisembo aliporudi, alikuwa ameisha kuambiwa njiani. "Mama Sifa," akasema, "heshima weka mu sauti. Magoti yabakie ku kanisa."

Kwa hiyo niliweka mu sauti. Nawaambia namna ya kufanya, hata kama mashini hazipo tena, juu inafaa mu mambo mingi. Finya kwanza, vuta pumzi, kisha sema, juu ukisema na kufinya pamoja, neno ya kwanza inakatwa kichwa. Sema pole. Usipige kelele. Watu walikuja wanakaa ku bangi ya inje, kiti ndefu ya mbao, wanangoja zamu, na kila mumoja akishika mikro alilia sawa anaita mutu ngambo ya mutoni, juu alijua ndugu yake iko mbali. Sauti inaharibika. Mvua ikikaribia, utasikia kama mutu anakaanga karanga mu mashini. Maliza haraka, toa waya. Na kifo hausemi mu hewa. Hewa ni ya watu wote. Unasema tu: "Mutafute mukubwa wa jamaa akuje ku foni." Watu walielewa, na walianza kulia njiani, lakini walilia kati yao.

Tulikuwa na muzee mumoja wa Djugu, tajiri wa ng'ombe, fimbo yake ndefu, kofia ya ngozi. Alikuja kusema na mudogo wake aliyebakia kule ku kijiji. Alisema vizuri, juu ya malisho, juu ya ndama, juu ya mupaka wa shamba. Akamaliza. Akanyamaza, kidole ku buto.

"Muzee," nikamwambia, "sema ova, uachilie."

"Ova ni nini?"

"Ni kumupa mudogo yako zamu ya kusema."

Akaniangalia sawa nimemuomba avue suruali. "Mimi? Nimupe ruhusa? Ule nilimubeba ku mugongo!"

"Bila hiyo hawezi kujibu, muzee."

"Nani alimuomba ajibu?"

Tulikaa. Watu wote wa bangi wanangoja. Muzee Kisembo alisimama, akavuta koti, akainama kidogo, akauliza: "Muzee, ku baraza ya mukubwa, si kuna mutu wa kusema kwa jina yake?" Mwenye ng'ombe akakubali kwamba kuna. "Basi mimi leo ni mutu yako." Akasema mu mikro: "Mukubwa amemaliza. Ova." Kisha akamushika kidole, akaitoa ku buto kwa heshima. Kila mara ule muzee alipokuja, muzee Kisembo alifanya vile, na kila mara alivuta koti kwanza.

Ile neno ikatoka mu nyumba ya foni, ikatembea yenyewe. Tulikaa mu mutaa wa Lumumba, na mu Lumumba yote wanawake ku robine walisema ova wakimaliza kujaza ndoo. Mukatekista wa karibu na siye, mutu wa akili, alipopokea bwana na bibi wanaogombana, aliweka kijiko mu mukono ya mumoja: "Sema yote. Ukimaliza, sema ova, umupe mwenzako kijiko." Watu walikaa pale wanabishana mpaka chakula inapoa, lakini hakuna aliyemukata mwenzake. Hata bwana yangu, ambaye hakukanyaga nyumba ya foni, akinikemea alimaliza: "Nimesema. Ova." Nilimujibu. Alipenda kumaliza na ova, lakini kusikiliza kinachokuja nyuma yake, hakupenda.

Sasa Sifa.

Sifa alikua mu ile bangi ya inje. Alikuwa anauza mikate ya mafuta kwa watu wanaongoja zamu, na masikio yake ilikuwa kama yangu. Aliolewa na Uzele, kijana wa ku ziwa, muuza makayabo, samaki ya chumvi, ambaye aliipeleka mbali mpaka Nia-Nia, mu pori, pale malori inalala. Wakakaa kule. Uzele alikuwa mutu muzuri. Nasema hivyo mapema, musimuhukumu. Alikuwa mutu wa heshima ya kizamani kabisa. Kwetu mukwe mwanaume hasimami mbele ya mama ya bibi yake. Akiniona barabarani, alishuka mu majani. Akija nyumbani, alikaa akiangalia ukuta, akauliza habari yangu kwa kupitia mutoto. Miaka yote ile sikujua rangi ya macho yake.

Asubuhi moja Nia-Nia iliita ya kwanza. Alikuwa infirmie wa kule, muuguzi, mutu hodari.

"Bunia, niko na mama wa mimba. Uchungu tangu jana. Mutoto amelala kwa upana mu tumbo, siwezi kumugeuza. Anaomba kisu ya munganga. Mama anaitwa Sifa, muke ya Uzele wa makayabo. Ova."

Nilifinya buto. Nikasema: "Nimesikia vizuri. Ova." Kidole yangu ilifanya kazi, mi mwenyewe sikuwa pale.

Barabara ya Nia-Nia wakati wa mvua, malori inalala mu matope mpaka dereva anapanda mihogo. Kulibakia ndege tu. Piloti akaja anakimbia, muzungu murefu, Kiswahili yake ilikuwa imevunjika lakini ilifika. "Pisti iko namna gani?" Mvua ilinyesha kule. Kama pisti, uwanja ya ndege, ni laini, ndege inashuka na pua. Infirmie akasema ataenda kuitembea yote, akanyage na kisigino, afukuze mbuzi, kisha arudi kutuambia. "Namuacha bwana ya mama hapa ku mikro," akasema, "mukiita, mutu asikose."

Piloti akasimama ku dirisha, akaangalia upande wa Mambasa. Mawingu ilianza kukaa juu ya pori, meupe, nene. "Mama Sifa," akasema, "mimi nangoja kidogo tu. Ile ikifunga njia, leo hakuna." Mademazeli alikuwa nyuma yetu. Sikumuuliza juu ya kesho. Niliona uso yake, ilitosha.

Mu mashini ikasikika mutu amefinya buto.

"Mama."

Ilikuwa Uzele. Sauti kidogo, kutoka mbali na mikro.

"Mama mukwe yangu. Ni mimi Uzele. Nimegeuza uso, mama, siangalii mashini. Niko nasema na ukuta. Unisamehe kufungua kinywa mbele yako. Jambo, mama."

Akanyamaza. Lakini buto hakuiachilia. Tulisikia kuku wa Nia-Nia, tulisikia mutu anapumua. Alikuwa anangoja nipokee salamu yake. Na mi sikuweza kuipokea, juu kidole yake ilikuwa imeniziba kinywa.

"Mama ananyamaza," akasema. "Iko na haki. Nilimupeleka mutoto yake mbali. Jambo, mama. Baba iko? Jamaa yote ya Mahagi iko? Mbuzi?"

"Uzele! Achilia!" Nililia ile mashini sawa wale wa bangi.

"Usipige kelele," muzee Kisembo akasema. "Iko na kidole ku buto. Hata ukipasua sanduku, hatasikia."

"Basi aseme ova!"

"Atasema namna gani? Kwa mama mukwe yake? Ni sawa kukuambia: weye mama, jibu! Ule kijana alilelewa vizuri."

"Alilelewa vizuri sana! Ataniulia mutoto na malezi yake!"

Muzee Kisembo alikamata kiti, akakaa karibu na mi, na viatu vyake vyote viwili alivikanyaga kimoja juu ya kingine.

Uzele aliendelea. Alisalimia marehemu mama yangu. Aliomba msamaha juu ya siku moja alipita barabarani na hakuniona mapema, akachelewa kushuka mu majani. Kila tukinyamaza, alifikiri hasira yangu inapanda, akajishusha zaidi, akasalimia tena. Na sauti yake ilianza kuwa nyembamba. Batiri ya Nia-Nia ilikuwa ya zamani, kufinya buto kunakula moto yake. Ikimalizika, infirmie atarudi kutoka ku pisti na habari nzuri mu kinywa na hatakuwa na mashini ya kuisema. Piloti alitoa funguo mu mufuko, akairudisha. Mawingu iligusana.

Mi niliweka mikro ku kifua. Nilikuwa mutu wa kupeleka maneno ya Ituri yote. Niliita ndege kwa wake za watu, kwa watoto za watu. Leo ilikuwa yangu, na sikuwa na hata pumzi moja ya kumufikishia mutu mumoja.

Kisha nyuma ya Uzele tukasikia kilio. Kilio ya mwanamuke, ndefu, kutoka chini. Nikajua mutoto yangu. Ilipokatika, akaita:

"Uzele! Unafanya nini?"

"Nyamaza kidogo, muke. Niko na mama."

"Na mama? Amekujibu?"

"Bado. Amekasirika."

"Umeshika buto?"

"Nimeshika sana. Sitaachilia."

"Ee Mungu yangu! Weye mupumbavu, achilia! Atakujibu namna gani? Sema ova!"

"Mimi? Nimwambie mama ova?"

"Ni weye unazaa ao ni mimi? Sema ova! Ao nitasimama ku hii kitanda, na hii tumbo, nikuje nikuvunje ile kidole!"

Musisahau, hewa ilikuwa moja. Padri wa Mahagi alisikia. Djugu alisikia, Mambasa alisikia, na kule ku ziwa, kwa wazazi wa Uzele, walisikia. Piloti muzungu alifunga macho. Mademazeli alishika bega yangu.

Tukasikia Uzele anavuta pumzi. Kisha, kwa sauti ya mutoto anayekiri mbele ya padri:

"Mama. Unisamehe. Ova."

Na buto ikaachiliwa.

Watoto, mi nimeingia mu kanisa kubwa, nimesimama ku mulima na kuona ziwa yote chini yangu, lakini kitu kama ile kimya sijaona tena. Kila mutu mu Ituri mwenye mikro alikuwa na mambo yake asubuhi ile. Kulikuwa wagonjwa wengine, kulikuwa matanga, kulikuwa dawa ya kuagiza. Wote walikuwa wamezibwa muda ule wote. Sasa hewa ilikuwa wazi, na hakuna hata mumoja aliyeingia. Waliniachia. Hawa watu sikuwaona na macho, wengine mpaka leo sijui sura zao, na walinyamaza wote pamoja, kutoka Mahagi mpaka mu pori, sawa mutu mumoja anazuia pumzi. Ile neno ndogo ilifanya hivyo. Mutu aliifungua na woga, na upande ule kukawa pahali pa mimi kuingia.

Nikafinya. Nikavuta pumzi kwanza, vile muzee Kisembo alinifundisha.

"Uzele, mutoto yangu. Nimepokea salamu yako. Enda ku mulango, uangalie kama infirmie anarudi. Umwambie akimbie. Ova."

"Ndiyo, mama! Anakuja! Anakuja na mbio! Ova! Ova, mama!"

Kisha infirmie, hana pumzi: "Bunia, pisti inabeba. Nimeikanyaga yote, kisigino haizami. Mbuzi hakuna. Ova."

Nilipogeuka kumwambia piloti, dirisha ilikuwa tupu. Tulimuona anavuka uwanja, miguu mirefu, na motere ya ndege ikalia.

Nilikaa ku kiti ile safari yote. Ni kazi: ndege ikiwa juu, mutu wa foni hatoki. Piloti aliita alipopita juu ya Mambasa, akaita alipoona Nia-Nia mu tundu moja ya mawingu, akaita alipopanda tena na Sifa na bwana yake mu ndege. Hakusema Sifa iko namna gani, na sikumuuliza, juu kichwa ya piloti ni ya ndege. Kati ya kuita na kuita hakuna kitu, karanga tu zinakaangwa mu mashini. Halafu nilisikia: tik. Mutu amefinya buto na kuachilia, bila neno. Kisha ingine: tik. Mahagi. Djugu. Hawakutaka kuchukua hewa. Walitaka tu nijue kwamba wako.

Ndege iliposhuka, muzee Kisembo alivuta kiti na mi juu yake. "Toka, Mama Sifa. Kiti ni yangu."

Nilitembea mpaka hospitali. Sifa alikuwa ameisha kuingia kwa munganga. Uzele alikuwa mu baraza, aliponiona akageukia ukuta, akaweka paji ya uso ku ile sima. Nilikaa ku bangi. Jua ilitoka upande moja ya baraza ikaenda upande ingine. Kisha mulango ikafunguka kidogo, na mbele ya kuona mutu, tukasikia mutoto analia, hasira kabisa, sawa ule aliyemuzaa. Mademazeli akatoa kichwa. "Wote wawili," akasema. "Wote wawili, Mama Sifa."

Niliingia. Sifa alikuwa amelala, kinywa wazi, rangi imemutoka, lakini kifua inapanda na inashuka. Niliangalia ile kifua mpaka nikachoka kusimama. Mutoto alikuwa mwanamuke. Mumoja kati yenu anajijua.

Nilipotoka, Uzele hakuwa ku ukuta. Nikasikia wanawake wanacheka inje, nyuma, ku robine. Nikaenda. Alikuwa amechuchumaa mbele ya beseni, mikono ya shati imekunjwa, anafua vitambaa za kuzalia. Mwanaume wa ku ziwa! Kwetu hata mudogo ya Sifa angekataa. Wanawake walimuuliza kama maziwa imeshaingia mu kifua yake. Alisugua, damu na sabuni mpaka ku viwiko, na mabega yake ilikuwa inatetemeka, sijui kwa kucheka ao kwa kulia.

Akatoa shuka moja kubwa, ndefu, nzito na maji. Akajaribu kuikamua, ikamuponyoka. Kitu kama ile inaomba watu wawili.

Nilishika upande ingine. Aliona mukono, akajua ni ya nani, akataka kuachilia na kugeuka.

"Kaza," nikamwambia.

Akakaza. Yeye akazungusha huku, mi nikazungusha kule, shuka ikawa ngumu kama kamba kati yetu, na maji ikatoka nyekundu, tukazungusha tena, ikatoka nyepesi, tukazungusha tena, ikatoka safi.